Kompyuta inayojizima na kujiwasha yenyewe: tuanze na powa saplai, RAM, au kupiga Windows upya?

Shangazi yangu wa Bombo, hapa Uganda, ana kompyuta ya mezani ambayo kikundi chake cha akina mama huitumia kutunza hesabu za akiba na kuandika barua. Mwaka jana kompyuta hiyo ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe, mara nyingine kabla hata nembo ya mtengenezaji haijatokea kwenye skrini. Fundi wa kwanza aliitazama kwa muda mfupi, akasema Windows imeharibika, akaipiga upya (yaani akaifuta na kuiweka tena) na akalipwa. Siku nne baadaye tatizo likarudi. Akaipiga mara ya pili, na safari hiyo hesabu za miezi saba zikafutika kwa kuwa hakuna aliyezinakili kwanza. Nilipofika mimi, niliazima powa saplai (kisanduku kinachoilisha mashine umeme) ya kompyuta ya jirani, nikaichomeka, na mashine ikawaka na kutulia mchana kutwa. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, sasa zile pesa nilikuwa nalipia nini?"

Swali lake ni la haki, na ndilo lililonifanya niziweke bega kwa bega njia tatu ambazo fundi au mwenye kompyuta huanza nazo mashine inapokataa kuwaka vizuri: kubadilisha powa saplai, kushughulikia RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi), na kupiga Windows upya. Msimamo wangu nautoa mapema. Katika nyumba zetu hapa Uganda umeme uchunguzwe kwanza, RAM ifuate, na kupiga Windows kuwe mwisho, isipokuwa pale dalili zinapoonyesha wazi kwamba vifaa ni vizima na kasoro iko kwenye diski au kwenye programu.

Inazimika wapi?

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, keti mbele ya kompyuta na uitazame inavyozimika, kwa sababu mahali inapokatikia safari panasema mengi kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Weka kiganja nyuma ya kasha, penye feni ya powa saplai, na usikilize. Ikiwa feni inasimama kabisa, taa zinazimika, kisha baada ya sekunde moja au mbili kila kitu kinaanza upya, umeme wenyewe ndio unaokatika ndani ya mashine. Ikiwa skrini inakuwa nyeusi lakini feni haijaacha kuzunguka, mara nyingi ni Windows iliyokwama na kuiamuru mashine ianze upya, wala si umeme uliokatika.

Tofauti hiyo hupotea machoni kwa watu wengi kwa sababu Windows, kama ilivyotengenezwa, hujiwasha upya yenyewe kila inapopata hitilafu kubwa, na ile skrini ya bluu yenye jina la hitilafu hupita haraka mno kuweza kusomeka. Kama kompyuta bado inafika ndani, fungua sehemu ya mipangilio ya mfumo kwa kuandika sysdm.cpl katika kisanduku cha kutafutia, nenda kwenye mipangilio ya kuwaka na kurejesha mfumo, na uondoe alama ya kujiwasha kiotomatiki. Hitilafu ikitokea tena, skrini ya bluu itabaki pale pale na utaweza kunakili maneno yake au kuyapiga picha kwa simu. Hakuna fundi mwaminifu atakayedharau picha hiyo.

Jaribio la pili ni kuingia kwenye BIOS, yaani ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kwa kubonyeza F2, Del, F10 au kitufe kingine kulingana na mtengenezaji, na kuiacha kompyuta hapo kwa nusu saa. Ukiwa kwenye BIOS, Windows haijaguswa kabisa. Mashine inayozimika ikiwa kwenye ukurasa huo haiwezi kuponywa kwa kupiga Windows hata mara kumi, na kama jaribio hili lingefanywa Bombo siku ya kwanza, hesabu za akina mama zingekuwepo hadi leo.

Ikiwa BIOS imetulia, nenda hatua moja zaidi: washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuwekwa kwenye diski. Ikifanya kazi kwa saa moja au mbili bila kuzimika, huku ukifungua kurasa za intaneti na kucheza video, basi powa saplai, RAM na ubao mama (ubao mkuu unaounganisha sehemu zote) vimejitetea vya kutosha, na macho yahamie kwenye diski na Windows. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha kwa kazi hii, na unaweza kuitumia kwa kompyuta za majirani wote.

Powa saplai

Powa saplai hupokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3 zinazotumiwa na sehemu za ndani. Kiwango cha ATX, ambacho kompyuta nyingi za mezani hukifuata, huruhusu volti hizo kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu: ile ya 12 ibaki kati ya 11.4 na 12.6, na ile ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Powa saplai pia hutuma ishara kwa ubao mama kuuarifu kwamba umeme uko sawa, na ishara hiyo ikipotea hata kwa kitambo kidogo, ubao mama husimamisha kila kitu na kuanza upya. Ndiyo maana powa saplai iliyochoka hufanana sana na Windows iliyoharibika: haifi mara moja, bali hushindwa pale tu mzigo unapoongezeka, na mzigo huongezeka hasa wakati Windows inapowaka.

Kinachochoka ndani yake mara nyingi ni kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Ile powa saplai ya Shangazi niliifungua baadaye, baada ya kukaa siku nyingi bila kuguswa, nikakuta kapasita mbili vichwa vimefura kama mandazi, na chini yake ute wa kahawia uliokwisha kukauka. Joto ndilo huzikausha na kuzifurisha, na joto huletwa na vumbi jekundu la murramu linaloziba matundu ya feni, pamoja na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Msomaji asiyekuwa na uzoefu asiifungue kabisa. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300, na huweza kuzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa.

Kwa upande wa gharama, powa saplai iko katikati: ni ghali kuliko kusafisha RAM, lakini ni nafuu kuliko ubao mama au kompyuta nyingine. Kwa upande wa mafaili, haina hatari yoyote, kwa kuwa kuibadilisha hakugusi diski. Na kwa upande wa uhakika ndiyo njia inayotoa jibu la haraka kuliko zote, kwa sababu ukiazima iliyo nzima na kuichomeka, utajua ndani ya saa moja.

Kuna tahadhari moja ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu zilitoka maofisini zikiwa zimetumika, na miongoni mwake ni zile ndogo za Dell OptiPlex na za HP, ambazo powa saplai yake mara nyingi ina umbo lake na plagi yake, si ile ya pini 24 ya kawaida. Ukinunua ya kawaida kwa kudhani zote zinaingiliana, utarudi dukani siku hiyo hiyo. Ichomoe ya zamani, nenda nayo mkononi, ilinganishwe plagi kwa plagi na wati kwa wati mbele yako.

Kuhusu kutengeneza ya zamani, kununua iliyotumika au kununua mpya, mimi sioni shaka. Fundi mzuri wa vifaa vya umeme anaweza kubadilisha kapasita zilizofura kwa bei ndogo, na kwa zile powa saplai zenye umbo la pekee ambazo hazipatikani madukani, hiyo huwa njia pekee ya busara. Kwa zile za kawaida nanunua mpya yenye uzito wa kuridhisha, kwani iliyotumika ina kapasita za umri uleule wa ile unayoitupa.

RAM

RAM ina sifa moja inayoipa nafasi ya pili katika orodha yangu: kuichunguza ni bure. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha chomoa vibao vya RAM. Futa meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa mabaki, na urudishe kibao kimoja tu hadi vibanio vya pembeni vijifunge kwa mlio. Jaribu kuwasha. Badilisha kibao, kisha badilisha na nafasi. Kompyuta inayowaka kwa kibao kimoja na kukataa kwa kingine imekwishajieleza.

Katika miji ya kandokando ya ziwa, kama Entebbe na Jinja, unyevu ukichanganyika na vumbi hufanya meno hayo yawe na utando mwembamba usioonekana vizuri, na nimeona kompyuta iliyokuwa inahesabiwa kuwa imekufa ikiwaka kwa kifutio peke yake. Hata hivyo usafi si uthibitisho. RAM inayopoteza herufi moja katika mamilioni huwasha kompyuta bila taabu, kisha huiangusha baada ya robo saa. Programu ya Memtest86+, ambayo ni ya bure na huwashwa kutoka kwenye flashi, huandika na kusoma kila sehemu ya RAM. Iache imalize mzunguko mzima, na ikiwezekana ilale usiku ikifanya kazi. Kosa moja jekundu linatosha kukihukumu kibao, ama angalau nafasi kilimokaa, na usikubali kuambiwa kwamba makosa mawili matatu ni ya kawaida.

Mara nyingi bei ya kibao kimoja kilichotumika cha DDR3, aina ya RAM ya zamani, huwa ndogo kuliko ya powa saplai, lakini DDR3 haiingii penye DDR4, aina iliyoifuata, kwa kuwa pengo la katikati ya meno liko mahali tofauti, hivyo nenda tena na kile cha zamani mkononi.

Upo uhusiano kati ya RAM na Windows ambao unanifanya nisisitize mpangilio huu. Ukipiga Windows kwenye kompyuta yenye RAM mbovu, mafaili ya mfumo hupitia kwenye RAM hiyo yakielekea kwenye diski, na baadhi huandikwa yakiwa yameharibika tangu siku ya kwanza. Fundi huona Windows mpya inasumbua, analaumu flashi yake, anapiga tena, na mwenye kompyuta analipa tena.

Kupiga Windows upya, na diski iliyo chini yake

Sisemi kwamba njia hii haina mahali pake. Ikiwa BIOS imetulia, flashi ya Linux imefanya kazi saa mbili, na mashine inaanguka tu pale vile vidoti vya Windows vinapozunguka, basi kasoro iko upande huu. Lakini hata hapa zipo hatua kadhaa kabla ya kufuta kila kitu. Windows 10 na Windows 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua zenyewe ukurasa wa marekebisho, ambamo unaweza kuziacha zijirekebishe, kuondoa sasisho la mwisho, kurudi kwenye hali ya siku za nyuma, au kuwaka katika hali salama ili uondoe programu au draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyowekwa karibuni. Kuna pia uwezekano wa kuirudisha Windows katika upya wake huku mafaili yako yakibaki na programu zako zikiondoka. Zote hizi zinapungukiwa na nguvu ya kupiga upya, lakini zinakuachia mali yako.

Jambo la kwanza kuliko yote ni diski. Diski ya sahani inayozunguka ikianza kutoa mlio wa kugonga, au hali yake ikisomeka mbaya katika programu kama CrystalDiskInfo, kila dakika inayowaka ni ya thamani, na inapaswa kutumika kunakili mafaili kupitia ile flashi ya Linux. Amri ya chkdsk, ambayo hukagua diski na kurekebisha makosa yake, hutajwa sana kama dawa, nami huitumia, lakini kamwe siiendeshi kwenye diski inayokufa kabla ya kunakili, kwa sababu huilazimisha kusoma kila pembe na inaweza kummalizia mgonjwa pumzi.

Ikiwa diski ndiyo mbovu, kuna uchaguzi kati ya diski nyingine ya sahani na SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Kwa gharama ya kila gigabaiti diski ya sahani bado inashinda. Kwa mambo mengine yote katika kompyuta ya nyumbani ningechukua SSD: ile inayotumia plagi ya kawaida ya SATA husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde ilhali ya sahani husoma kati ya 100 na 150 hivi, na haina sindano inayoweza kukwaruza sahani umeme unapokatika ghafla au kasha linaposukumwa. SSD nayo hufa, na mara nyingi hufa bila kuonya, kwa hiyo kunakili hakuepukiki.

Kabla ya kulipia Windows mpya, pima pia umri wa mashine. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na prosesa (chipu kuu ya kompyuta) iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia kwa jumla kizazi cha nane. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini hazifiki hapo. Kwa mtu anayeandika barua, anayetunza hesabu na kusoma intaneti, Linux iwekwe kwenye diski kabisa. Shangazi aliizoea ndani ya wiki mbili.

Washukiwa wawili wadogo

Kompyuta inayofanya kazi dakika kumi hadi ishirini kisha ikazimika ghafla bila skrini ya bluu inaweza kuwa inajiokoa na joto, kwa kuwa prosesa nyingi hujizima zinapokaribia nyuzi 100. Fungua kasha, toa vumbi kwa brashi laini nje ya nyumba huku umeishika feni isizunguke, na kama mashine ina miaka mingi, mwombe fundi abadilishe dawa ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma chake. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama, ile bapa ya volti 3, huisha baada ya miaka kadhaa, saa hurudi nyuma, na mipangilio ya diski inaweza kupotea hata kompyuta ikasema haioni mfumo wowote. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa.

Stebilaiza au UPS?

Kubadilisha powa saplai bila kutazama kilichoiua ni kuandaa nyingine ife. Umeme wetu hukatika bila taarifa, na hata usipokatika kwenye laini, Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku nyumba nzima hulala giza huku diski ikiwa katikati ya kuandika. Stebilaiza huinua volti zilizoshuka na kushusha zilizopanda, na kwa nyumba ambayo taa hufifia kila jioni ina faida kubwa, lakini umeme ukikatika kompyuta inazimika papo hapo. UPS ya kawaida ya VA 650 ina betri ndani, na zile za aina inayorekebisha volti hufanya pia sehemu ya kazi ya stebilaiza; haikupi saa za kufanyia kazi, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kwa kompyuta ya mezani, kama pesa inatosha kwa kimoja tu, nachagua UPS. Betri yake huchoka baada ya miaka miwili hadi minne hivi, na UPS yenye betri mfu inaweza yenyewe kuwa sababu ya kompyuta kuzimika, kwa hiyo unapochunguza, ichomeke mashine ukutani moja kwa moja kwa muda uone kama tatizo linabaki.

Nyumba zinazotumia sola zina jambo la ziada: inveta za bei ndogo zisizotoa wimbi laini la umeme huweza kukosana na baadhi ya powa saplai za kisasa, na kompyuta ikazimika kila inapohamia kwenye sola ilhali kwenye umeme wa kawaida haina neno. Na radi inaponguruma, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti. Hakuna stebilaiza wala UPS inayoikinga kompyuta na radi iliyopiga karibu.

Ukiamua kumpelekea fundi

Ikiwa majaribio ya BIOS na ya feni yamekuonyesha kwamba shida ni powa saplai au RAM, fundi hahitaji diski yako ili aitengeneze. Diski hushikwa na waya mbili na skrubu nne tu. Ichomoe, ifunge kwenye kitambaa kikavu, iache nyumbani kabatini, na umpelekee kompyuta iliyobaki pamoja na karatasi inayosema inazimika wapi, feni inasimama au haisimami, na ilikaa dakika ngapi kwenye BIOS. Akikwambia lazima apige Windows kwanza, muulize ataipiga wapi.